Ukurasa wa Wazazi: Baba Aombwa Kuingia Baraza la Shule



Tumepokea barua kutoka kwa baba mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ambaye sasa akaa pamoja na jamaa yake katika mji mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki. Ni mtu wa hesabu katika shirika moja la mataifa. Watoto wake wawili wasoma katika shule ya kimataifa ya mji ule. Hatutataja mji wala shule, maana yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Barua yake ina kurasa nne, na mwandiko wake ni mzuri. Tulipoifungua tulidhani ni moja ya zile tupatazo kila wiki, za mahari au za vijana wasiotii. Kumbe ni jambo ambalo ukurasa huu haujalinena hata mara moja. Baba huyu ameombwa na wazazi wenzake agombee kiti katika baraza linaloongoza shule ya watoto wao. Atuuliza: akubali au akatae?

Wengine kati yenu watasema mara moja, "Shule hizo si za watu kama sisi. Ada ya mtoto mmoja kwa mwaka yapita mshahara wa mwalimu wetu." Ni kweli, wala hatukatai. Lakini someni kwanza, maana jambo linalomsumbua ndugu huyu twalijua hata sisi wenye komite za wazazi katika shule zetu za parokia. Fedha zao ni nyingi kuliko zetu. Mtego ni ule ule.

Mjue kwanza habari za nyumbani kwake. Binti yake mkubwa ana miaka 13. Alianza masomo Bukavu kwa Kifaransa, naye alikuwa mtoto wa mbele darasani. Walipohamia huko, ambako masomo yote ni kwa Kiingereza, shule ilimweka darasa moja nyuma ya umri wake, ikasema: ajifunze lugha mwaka mmoja, kisha tutampima na kumpandisha. Mwaka ukapita, na nusu ya mwaka mwingine. Hakupimwa. Baba alipokwenda kuuliza akaambiwa, "Tutaona." Mama alipokwenda akaambiwa arudi baada ya likizo. Binti sasa amekuwa mkimya. Akaa na watoto wadogo kuliko yeye, na hesabu anazofundishwa alikwisha kuzijua tangu Bukavu.

Katika hali hiyo ndipo tangazo likatoka: viti vitatu vya baraza viko wazi, na mzazi anayetaka kugombea apeleke jina lake kabla ya mwisho wa mwezi. Watu wakaanza kumjia baba huyu. Wa kwanza walikuwa wale wanaonung'unika juu ya ada, kwa kuwa imepandishwa miaka miwili mfululizo. Walimwambia, "Wewe ni mtu wa hesabu. Ingia, ufungue vitabu vyao, ada ishuke." Kisha wakaja baba na mama kadhaa Waafrika, wakasema, "Watoto wetu ni wengi shuleni, lakini katika baraza twamwona Mwafrika mmoja tu. Ingia, utusemee." Na jioni moja, mlangoni mwa shule, mwalimu mmoja wa nchi ile alimsogelea. Amefundisha hapo miaka kumi na mmoja. Mwenzake wa darasa la pili yake alitoka ng'ambo mwaka jana, mwenye cheti kama chake, naye apata mshahara mkubwa zaidi sana, na nyumba, na tikiti ya ndege kila mwaka. Mwalimu yule hakuomba kitu. Alisema tu, "Ukiingia, utukumbuke."

Kila mtu alimtaka aingie, isipokuwa mmoja. Mke wake alimwuliza, "Ukiisha kuingia humo, nani atamsemea mtoto wetu?"

Twakiri kwamba neno la mama huyu ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Maana mumewe alifikiri kinyume chake kabisa: alifikiri kwamba akiingia barazani, ndipo mtoto wake atapata msemaji mwenye nguvu. Hakuliandika hivyo waziwazi, lakini kurasa nne zake zalisema.

Kabla ya kumjibu, yafaa tueleze desturi hii ilitoka wapi, kwamba wazazi wapige kura juu ya uongozi wa shule.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mataifa yaliunda Shirikisho la Mataifa, na makao yake yakawekwa Geneva, katika Uswisi. Watu wa nchi nyingi wakahamia huko kufanya kazi, katika Shirikisho lenyewe na katika ofisi ya kazi ya kimataifa. Walileta watoto. Watoto hao wasome wapi? Mfaransa ataka mtoto asome kama Mfaransa, Mwingereza kama Mwingereza, na baada ya miaka michache kila mmoja arudi kwao bila kupoteza wakati. Basi mwaka 1924 wazazi wachache waliamua kujitafutia shule yao wenyewe. Kati yao walikuwa Arthur Sweetser, Mmarekani, na Ludwik Rajchman, daktari wa Polandi aliyeongoza kazi za afya za Shirikisho. Walishirikiana na Adolphe Ferrière, mwalimu Mswisi aliyejulikana kwa mawazo mapya juu ya malezi, na pamoja naye bibi Elisabeth Rotten. Shule ilianza na watoto 8. Haikuwa ya serikali, haikuwa ya kanisa, wala haikuwa ya mfanyabiashara. Ilikuwa ya wazazi walioungana katika chama, na kwa kuwa ilikuwa yao, iliwapasa kuchagua watu wa kuiangalia.

Mfano huo ulienea. Mwaka 1947 jamaa za watumishi wa Umoja wa Mataifa walianzisha shule yao New York. Katika Luxembourg, wale waliokuja kufanya kazi katika Jumuiya ya Makaa na Chuma ya nchi sita za Ulaya, na Wabelgiji walikuwamo, walianzisha shule mwezi wa Oktoba 1953, na miaka minne baadaye serikali zao zikaitilia sahihi kuwa shule ya Ulaya. Karibu na kwetu, Dar es Salaam ilipata shule yake ya kimataifa mwaka 1963, muda mfupi baada ya uhuru wa Tanganyika, nayo ni ya namna ile ya wazazi kuchagua wajumbe wa baraza.

Lakini msidhani kila shule yenye jina la "kimataifa" yawapa wazazi kura. Nyingi siku hizi ni mali ya makampuni. Huko mzazi ni mnunuzi, na asiporidhika ahamishe mtoto wake. Katika zile Shule za Ulaya, wazazi wana viti viwili katika baraza la kila shule, wakiketi pamoja na mkuu wa shule, wajumbe wa walimu na wengine; wanasikilizwa, lakini hawatawali. Shule ya ndugu yetu ni ya namna ya tatu, ambayo wazazi wenyewe ndio wenye chama na wenye kura. Ndiyo maana swali lake ni zito. Akichaguliwa, hatakuwa mgeni mezani. Atakuwa mmoja wa wenye nyumba.

Sasa baraza la namna hiyo lafanya kazi gani? Lamwajiri mkuu wa shule, na ikibidi lamwachisha kazi. Lapitisha makadirio ya fedha ya mwaka na kuweka kiasi cha ada. Laamua juu ya majengo na madeni. Lapitisha kanuni kubwa, na kuangalia kwamba sheria ya nchi na usalama wa watoto havivunjwi. Basi. Halipangi saa za masomo, halisahihishi mitihani, halimwambii mwalimu wa historia afundishe nini Jumatatu. Mtu mmoja tu ndiye mwajiriwa wa baraza, naye ni mkuu wa shule. Wengine wote wako chini ya mkuu huyo. Mzazi mwenye malalamiko aanzia kwa mwalimu, kisha mkuu wa sehemu ile, kisha mkuu wa shule. Baraza ni la mwisho kabisa, na mara nyingi halifikiwi.

Tulipata kuona huku kwetu komite moja ya wazazi, hatusemi ni ya wapi, ambayo mwenyekiti wake aliingia darasani katikati ya somo ili ahesabu madaftari. Mwalimu aliweka chaki juu ya meza, akatoka nje, akaketi chini ya mwembe mpaka mwenyekiti alipomaliza. Watoto walicheka siku nzima. Mwenyekiti yule hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba kuchaguliwa ni kupewa funguo za kila mlango.

Tena kuna jambo ambalo wagombea wengi hawalijui mpaka wamekwisha kuingia. Mjumbe peke yake hana amri yoyote. Amri ni ya baraza likiwa limeketi, na kura zikiwa zimehesabiwa. Akiisha kutoka chumbani, mjumbe ni mzazi kama wengine, ila kwa tofauti hii: yampasa kunyamaza juu ya yaliyosemwa ndani, na yampasa kuliunga mkono neno lililoamuliwa hata kama yeye alilipinga. Na likija jambo linalomgusa yeye mwenyewe au jamaa yake, lazima aseme wazi kwamba lamgusa, kisha atoke nje wakati wenzake wanaliamua.

Hapo mwaona kwamba mama yule aliona mbali kuliko mumewe. Siku baba atakapochaguliwa, kinywa chake juu ya binti yake kitafungwa. Hata akienda kwa mwalimu kwa upole kabisa, kofia mkononi, mwalimu ataona mbele yake mmoja wa wale wanaomwajiri mkuu wake. Binti akipandishwa darasa, wengine watasema, "Bila shaka, baba yake yuko barazani." Asipopandishwa, baba atafikiri kwamba wamlipiza kisasi. Na yule mtoto, aliye na haki ya kupandishwa kwa akili yake mwenyewe, atasikia maneno hayo uwanjani kutoka kwa wenzake, nayo yatamwuma kuliko kukaa na wadogo.

Tuje sasa kwa wale wa ada. Twawaelewa. Katika shule hizo kuna wazazi wa namna mbili, ijapokuwa watoto wao huvaa nguo za namna moja. Wengine hulipiwa na ubalozi, na kampuni au na shirika, yote au sehemu kubwa. Hao ada ikipanda hawapotezi usingizi. Wengine ni wafanyabiashara na waganga wa mji ule wanaolipa kutoka mfukoni mwao, na kila nyongeza ni maumivu. Ndugu yetu ni wa kundi la kwanza, kwa maana shirika lake humrudishia sehemu kubwa. Ajiulize kwa nini basi wale wa kundi la pili wamemjia yeye. Ni kwa sababu ya ujuzi wake wa hesabu, na hesabu ndiyo itakayowajibu.

Katika shule, matumizi makubwa kuliko yote ni mishahara. Anayeahidi kushusha ada lazima aseme atapunguza nini. Chaki na karatasi hazitoshi. Mara nyingi vinavyokatwa kwanza ni vile visivyo na mtetezi mwenye sauti: msaada wa ada kwa watoto wachache wasio na uwezo, na mwalimu wa ziada anayewafundisha Kiingereza watoto waliotoka katika lugha nyingine. Angalieni, ni mwalimu yule yule anayehitajiwa na binti wa baba huyu!

Na yule mwalimu wa mlangoni je? Si habari ya shule moja tu. Katika shule nyingi za kimataifa, walimu walioajiriwa papo hapo nchini hulipwa chini ya wale walioitwa kutoka ng'ambo. Wakuu wa shule husema kwamba mgeni haji bila nyumba na tikiti, na kwamba mshahara wake hushindana na ule wa kwao. Neno hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatulidharau. Lakini laeleza nyumba na tikiti, halielezi kwa nini saa moja ya kufundisha sehemu ile ile kwa watoto wale wale iwe na bei mbili zilizo mbalimbali sana. Tufanye hesabu ya mfano tu, si ya shule yoyote. Shule ina watoto 400 na walimu 20 wa nchini. Kila mmoja wao akiongezewa dola 300 kwa mwezi, ni dola 72,000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa watoto 400, ni dola 180 kwa kila mtoto. Yaani, kumkumbuka mwalimu yule ni kupandisha ada, au kukata penginepo. Baba hawezi kumwahidi mwalimu kwa jioni na kuwaahidi wazazi kwa asubuhi. Mmoja wao atadanganywa, na twajua ni yupi: ni yule asiye na kura.

Tukumbuke pia kwamba jamaa nyingi katika shule hizo hazikai. Miaka mitatu, minne, kisha baba ahamishwa kwenda nchi nyingine. Kwa hiyo wapiga kura wengi wa leo hawatakuwapo wakati matunda ya kura yao yatakapoiva. Mzazi atakayeondoka mwakani hupenda ada iwe ndogo mwaka huu, na paa la maktaba livuje baadaye. Si ubaya wa moyo. Ndivyo mtu alivyo akiwa msafiri. Lakini mjumbe wa baraza yampasa kufikiri habari za mtoto ambaye bado hajafika, ambaye wazazi wake hawajui hata kwamba watahamia mji ule. Wale wazazi wa Geneva walikuwa na watoto 8, na shule yao leo ina zaidi ya 4,000. Hao wote wa baadaye hawakuwa na kura mwaka 1924.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule za makanisa, na mwezi wa Februari 1977 ikafanya mapatano ya kuwarudishia wenye makanisa usimamizi wake. Kisha katika miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa si kitu tena, ni wazazi waliowashika walimu kwa minervali na michango, mwaka baada ya mwaka, mpaka masomo ya bure ya shule za msingi za serikali yalipoanza kutekelezwa Septemba 2019. Hakuna mzazi wa kwetu asiyekumbuka mtoto aliyefukuzwa darasani kwa sababu ya fedha. Katika miaka hiyo tulijifunza kusema, "Anayelipa aseme." Neno hilo lilikuwa la haki lilipohusu hesabu: aliyetoa faranka ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Lakini wengine walilivuta zaidi, wakataka kwamba aliyelipa mtoto wake apite. Tumewajua wenyeviti wa komite ambao watoto wao hawakuanguka kamwe katika mtihani wowote, mpaka siku ya mtihani wa serikali.

Basi, ndugu yetu, jibu letu ni hili. Twakushauri ugombee. Lakini si kwa sababu yoyote uliyoletewa na wale waliokujia.

Kwanza umalize habari ya binti yako kabla ya kupeleka jina. Mwachie mama yake ailete, maana yeye hagombei kitu. Asiende tena kusema tu kwa mdomo. Aandike barua fupi kwa mkuu wa sehemu, ataje siku mliyoahidiwa, aombe tarehe ya kupimwa, aweke nakala nyumbani. Neno "tutaona" husemwa kwa urahisi mbele ya mtu. Kuliandika ni kazi zaidi. Tarehe ya mwisho ya majina ikifika na jambo halijaisha, waambie wapiga kura waziwazi kwamba una jambo shuleni, kwamba mama wa watoto analishughulikia, na kwamba wewe hutaligusa. Ukiogopa kuyasema hayo mbele yao, usigombee mwaka huu.

Wale wa ada waambie kwamba utavisoma vitabu vyote, nawe utaeleza kila nyongeza kwa lugha ambayo mtu asiye wa hesabu aweza kuielewa. Hiyo peke yake ni huduma kubwa, maana mara nyingi wazazi huletewa tarakimu tu pasipo maelezo. Usiwaahidi kushusha. Utapoteza kura kadhaa. Waache waende.

Mwalimu yule usimwahidi pia. Lakini ukiingia, omba kwamba mishahara ya namna mbili iwekwe juu ya meza mbele ya baraza zima, tofauti ikiwa imeandikwa na sababu yake pembeni. Usishangae ukikuta kwamba wajumbe wengine hawajawahi kuiona karatasi hiyo. Jambo hilo halitamalizika katika muda wa mjumbe mmoja, laweza kuanza.

Kwa wenzako Waafrika tuna neno gumu kidogo. Ni vema uwemo, nao hawakosei kulitamani. Baraza lisilofanana na watoto wa shule husahau mambo mengi bila kukusudia. Walakini ukiingia kama mjumbe wa Waafrika, yule Mkorea na yule Mswidi watakuwa watoto wa nani? Angalia jambo la binti yako. Liondoe jina lake, na utaona kanuni inayokosekana: kwamba kila mtoto aliyewekwa nyuma kwa ajili ya lugha apewe tarehe iliyoandikwa ya kupimwa tena, na mzazi apate nakala. Hilo lawafaa watoto wa Bukavu na wa Bujumbura, na la Mkorea pia. Ni kazi ya baraza hasa, kwa sababu ni kanuni wala si mtoto. Lakini usilipeleke mpaka binti yako awe amekwisha kupimwa, ili mtu asiseme kwamba umeshona shati kwa kipimo cha mwanao.

Na mama tumwambie nini? Ameuliza nani atamsemea mtoto. Twamjibu: ni wewe, mama, nawe utamsemea vizuri zaidi mumeo akiwa amenyamaza. Lakini twamwomba alitafakari, maana mikutano ya baraza ni ya jioni, huisha usiku, na mzigo wa nyumba jioni hizo utamwangukia yeye. Hakuna mshahara. Kuna lawama nyingi, na simu wakati wa chakula. Asipokubali kwa moyo wake, baba asiende.

Hayo tulimwandikia siku ya Ijumaa. Kabla ukurasa huu haujapelekwa kupigwa chapa, amekwisha kutujibu kwa mistari michache. Karatasi ya jina ameijaza, ila hajaipeleka. Mama aliandika barua Jumatatu. Alhamisi akajibiwa na kupewa tarehe ya mtihani wa binti, nayo ni siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea majina. Wale wa ada alikwisha kuwaambia neno letu, na mmoja wao tangu siku ile hamsalimu tena kwenye mlango wa shule. Binti naye ameuliza swali moja tu: baba akishinda, je, itampasa kuvaa tai hata siku za kumpeleka shuleni kwa miguu?